Seli Zinazojua Kungoja

Kiwanjani, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege wa Isiolo, vumbi huingia kila mahali, na wenyeji wamezoea kukohoa kidogo na kuendelea na shughuli zao. Chembe kubwa hunaswa puani. Nyingine hukwama kwenye kamasi ya koo, zikasukumwa juu hadi zitemwe au zimezwe. Lakini usiku, katika chumba kilichofungwa madirisha, mtu mwenye kifua kikuu anapokohoa hutoa kitu kidogo kuliko vumbi hilo: vitone vya mikrometa 1 hadi 5, vyepesi kiasi cha kuelea hewani kwa saa kadhaa. Vitone hivyo hupita pua, hupita koo, hushuka hadi mwisho kabisa wa njia ya hewa, kwenye vifuko vidogo ambavyo mapafu mawili ya mtu mzima yanavyo takriban milioni 480. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuieleza.

Ni kazi ya seli za kinga dhidi ya bakteria anayeweza kukaa mwilini miaka mingi. Ni kazi ndefu na haina kelele. Watu wengi wanaoibeba vifuani hawajui kuwa inaendelea. Nimekuwa nikiifuatilia vitabuni na katika taarifa za watafiti, na kila ninapoirudia huona kwamba ustadi wake mkubwa uko katika kuzuia: kuzuia kwa kipimo, bila kuchoka, na bila kuharibu pafu lenyewe.

Tumtazame kwanza anayezuiwa. Ni kijiti chembamba chenye urefu wa mikrometa 2 hadi 4; ukiwapanga bakteria 1,000 wa aina hii ncha kwa ncha, msururu wao utakuwa na milimita 3 hivi. Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ukuta wake umejaa mafuta mazito ya nta, ambayo maji hayapenyi kwa urahisi na rangi nyingi za maabara hazishiki. Tena hana haraka. Bakteria wa utumboni akipata chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20. Huyu wa kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Adui wa namna hiyo hamalizwi kwa pigo moja. Anahitaji mfanyakazi mwenye uvumilivu unaolingana na wake.

Mfanyakazi wa kwanza yumo tayari ndani ya kifuko cha hewa. Ni seli kubwa iitwayo makrofaji, na kwa kawaida kazi yake ni kuzoa vumbi, moshi na mabaki ya seli zilizokufa. Kwa bahati njema ya historia, mwaka uleule wa 1882 ambao Koch alimtangaza bakteria, Ilya Metchnikoff alikuwa Messina, Italia, akichoma miiba ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pwani vinavyopenyeza mwanga. Aliporudi kwenye hadubini aliona seli zimetembea zenyewe hadi kwenye mwiba na kuuzunguka. Kwa kazi iliyotokana na jambo hilo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Ndani ya pafu mambo huenda hivi. Makrofaji humgusa bakteria kwa vipokezi vilivyo juu ya utando wake. Utando hunyooka pande zote mbili za bakteria, kingo zake hukutana mbele yake, hushikana, na bakteria hujikuta ndani ya kifuko kilichofungwa. Kifuko hicho huvutwa ndani, kikutane na vifuko vingine vyenye asidi na vimeng'enya, viungane, na kilichomezwa kimeng'enywe. Kwa bakteria wengi hadithi huishia hapo. Wa kifua kikuu hutoa kemikali zinazozuia kifuko chake kisiungane na vile vya asidi, akabaki hai ndani ya seli iliyommeza. Makrofaji haiwezi kummaliza, lakini pia haimwachii. Humshikilia, na huku ikitoa kemikali za kuita msaada.

Msaada huja polepole, na polepole hiyo ina sababu. Seli nyingine zenye matawi, zinazoitwa seli za dendriti, huchukua vipande vya bakteria na kusafiri navyo hadi kwenye tezi za limfu zilizo karibu na njia kuu za hewa. Huko zimejaa maelfu kwa maelfu ya seli T, na kila moja ina kipokezi chake kinachotambua umbo moja tu la kipande cha protini. Zinazomtambua bakteria huyu ni chache mno. Seli ya dendriti husimama na kunyoosha matawi yake. Seli T hupita, hugusa, huondoka. Nyingine hugusa, huondoka. Inapopatikana ile yenye kipokezi kinacholingana, haiondoki tena. Hushikamana nayo kwa saa nyingi, kisha huanza kugawanyika: mbili, nne, nane, hadi ziwe jeshi la kutosha kurudi mapafuni.

Kwa panya wa maabara, zaidi ya wiki moja hupita kabla ya safari hiyo kuanza kuzaa matunda. Kwa binadamu, dalili kwamba seli T zimeshamjua bakteria huonekana kwenye kipimo cha ngozi baada ya wiki 3 hadi 8. Muda wote huo makrofaji huwa zinashikilia peke yake. Baadhi hufa. Nyingine huja kuwameza tena bakteria waliotoka ndani ya zile zilizokufa, na kazi huendelea.

Seli T zikifika, jambo la kwanza zinalofanya ni kuzungumza na makrofaji kwa kemikali. Moja huitwa interferoni gama, nyingine TNF. Makrofaji iliyopokea interferoni gama hubadilika: kifuko kilichokuwa kimezuiwa sasa huweza kuungana na vifuko vya asidi, madini ya chuma ambayo bakteria anayahitaji hufichwa, na vimeng'enya huongezeka. Bakteria ambao jana walikuwa wakigawanyika, leo wengine hufa na wengine husinzia. TNF nayo huzifanya seli zikusanyike na kukaa pamoja mahali pamoja. Kutoka hapo ujenzi huanza.

Mfugaji wa Isiolo anajua namna boma la miiba linavyosimamishwa: matawi ya mgunga hulazwa, yakasukumana na kufumana hadi mnyama asipate pa kupenya. Seli hufanya vivyo hivyo kuzunguka bakteria, na kinachojengwa huitwa granuloma. Makrofaji zilizo katikati hujibana, hujitandaza, na kingo za utando wa moja huingiliana na kingo za jirani yake hadi zisiachane kwa urahisi. Baadhi huungana kabisa na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi vilivyojipanga ukingoni kwa umbo la nusu duara. Theodor Langhans alizieleza mwaka 1868, miaka 14 kabla bakteria mwenyewe hajajulikana. Nyingine hujaa matone ya mafuta. Nje ya makrofaji hujipanga seli T na seli B, safu juu ya safu. Nje zaidi huja seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni, ambazo hukaza kitu kizima.

Katikati ya granuloma seli nyingi hufa na kuacha kitu cheupe, laini, kisicho na umbo. Oksijeni humo ni haba. Bakteria waliobaki hupunguza kila shughuli na karibu hawagawanyiki. Granuloma nzima inaweza kuwa na upana usiofika milimita moja, au ikafika sentimita kadhaa. Ndani yake hakuna seli inayokaa milele: zinakufa, zinabadilishwa, mpya zinaingia mahali pa zile za zamani, na umbo hubaki lilelile. Nikifikiri kwamba ujenzi huu husimama miaka 20, 30, au maisha yote ya mtu, kwa wafanyakazi wanaokufa na kupokezana bila kazi kusimama, nakosa mfano wa kazi ya mikono inayoufikia.

Kilicho kigumu kuliko kujenga ni kujua pa kukomea. Kemikali zinazoua bakteria huumiza pia tishu za pafu. Kwa hiyo seli T hubeba juu yake kipokezi kiitwacho PD-1, ambacho huzipunguza kasi zinapokuwa zimechochewa kwa muda mrefu. Zipo pia seli T za aina nyingine ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Mtu anaweza kudhani kwamba kuondoa breki hizo kungeimarisha kinga. Mwaka 2010 na 2011 watafiti walijaribu kwa panya wasio na PD-1, wakawaambukiza kifua kikuu. Panya hao walikufa mapema kuliko wenzao wa kawaida. Mapafu yao yaliharibiwa na seli zao wenyewe, na bakteria wakazidi kuongezeka. Na kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuzuia PD-1, kumeonekana kuamka kwa kifua kikuu kilichokuwa kimelala.

Upande wa pili pia una ushahidi. Mwaka 2001 madaktari waliripoti kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa wakitibiwa kwa dawa inayozima TNF walipata kifua kikuu, wengi wao ndani ya miezi michache ya kuanza dawa. TNF ilipopunguzwa, ukuta ulilegea. Baadaye, kwa kutumia vifaranga vya samaki wanaopenyeza mwanga, Lalita Ramakrishnan na wenzake walionyesha kuwa TNF ikipungua mno ni hatari na ikizidi mno ni hatari pia. Ustadi wa seli hizi umo katika kipimo hicho cha katikati, na hukipata upya kila siku.

Mtu asiye na hadubini anaweza kuona kazi hii kwa macho. Mwombe mtoto yeyote wa Kiwanjani aliyechanjwa anyooshe mkono wake wa kushoto. Chini kidogo ya kiwiko, kwenye ngozi ya nje, utaona kovu dogo la duara, lililobonyea kidogo katikati, lenye ngozi laini na nyepesi kuliko ile inayolizunguka. Alipozaliwa, muuguzi aliingiza sindano ndani ya ngozi yenyewe, bila kuipita, akaacha humo mililita 0.05 za chanjo ya BCG, na kipele cheupe kikainuka kisha kikazama. Kwa wiki mbili hivi hapakuonekana kitu. Kisha kikatokea kinundu chekundu. Kikakua, kikalainika, kikapasuka na kutoa majimaji, mama akaambiwa asipake dawa wala asikikamue. Baada ya wiki kadhaa kikakauka chenyewe. Ndani ya kinundu hicho makrofaji zilimeza bakteria dhaifu wa chanjo, seli T zilitafutwa na kupatikana, ukuta ukajengwa, kazi ikamalizika, na mahali pakazibwa kwa kolajeni. Chanjo hiyo ilipewa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 mjini Paris, na kinga yake ni ya uhakika zaidi kwa watoto wadogo, hasa dhidi ya kifua kikuu cha ubongo.

Seli hizohizo hukutana na wavumilivu wengine katika mji wa mifugo. Maziwa ya ngamia huingia Isiolo kila siku kutoka malishoni, mengine yakapandishwa basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Yakinywewa mabichi yanaweza kubeba Brucella, bakteria ambaye naye huishi ndani ya makrofaji na kuzuia kifuko chake kisimmeng'enye. Ndiyo maana homa ya bruselosi huja na kuondoka kwa wiki na miezi, pamoja na maumivu ya viungo na jasho la usiku. Mwili hujibu kwa njia ileile: makrofaji, seli T, interferoni gama, na vigranuloma vidogo kwenye ini na kwenye uboho. Kuchemsha maziwa huziondolea seli kazi hiyo yote.

Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu. Kati ya walioambukizwa, asilimia 5 hadi 10 tu ndio watakaougua wakati fulani wa maisha yao. Maana yake ni kwamba kwa watu wasiopungua tisa katika kumi, kazi niliyoieleza hufaulu. Mwaka 2014 kundi la JoAnne Flynn katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh lilionyesha, kwa kuchunguza nyani, kwamba hata ndani ya pafu moja kila granuloma ina matokeo yake: moja imewaua bakteria wote, ya jirani bado ina walio hai. Hata katika nyani waliokuwa wagonjwa, granuloma nyingi zilikuwa zimeshamaliza kazi. Ugonjwa hutokea pale chache zinaposhindwa.

Na zinaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu wafanyakazi wamepunguzwa. Virusi vya Ukimwi huangamiza seli T zilezile zinazotoa interferoni gama. Njaa ya muda mrefu, ambayo ukame huileta kaskazini mwa Kenya mara kwa mara, hudhoofisha zote. Kisukari huzichelewesha. Hapo kiini cheupe cha granuloma huwa majimaji, ukuta hupasuka kwenye njia ya hewa, bakteria hupata oksijeni, na kikohozi huanza.

Ndipo mtaalamu wa maabara anapoingia. Hupokea makohozi, huchagua sehemu nzito yenye rangi ya usaha, huitandaza kwenye slaidi kwa kijiti, huiacha ikauke, huipitisha motoni ishike. Huimwagia rangi nyekundu ya fuksini na kuipasha kwa chini hadi mvuke utoke, bila kuiacha ichemke. Huosha, kisha hutumia asidi yenye alkoholi, ambayo huondoa wekundu kwenye kila kitu isipokuwa bakteria mwenye ukuta wa nta. Mwisho huweka rangi ya buluu. Huweka tone la mafuta, huteremsha lenzi, hutazama kwa ukuzaji wa mara 1,000, na kusogeza slaidi taratibu. Uwanja mzima ni wa buluu: seli za kinga zilizokufa kazini, viini vyao vimegawanyika vipandevipande. Katikati yao vimelala vijiti vyekundu, kimoja hapa, viwili pale vimevukana. Asipoona kijiti, haandiki kwamba hakuna mpaka awe ametazama angalau sehemu 100 tofauti za slaidi. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kipimo cha GeneXpert, mashine inaweza kusoma vinasaba vya bakteria kwa muda usiozidi saa mbili. Lakini yeyote aliyeiona slaidi hiyo ameona kwa macho pande zote mbili za kazi.

Matibabu yenyewe yamejifunza subira kwa seli. Zamani yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kuanzia mwaka 1970, madaktari wa Afrika Mashariki na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia dawa za miezi sita, na matokeo yao ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba inawezekana. Leo mgonjwa wa kawaida hutumia dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Moja ya zile nne, pirazinamidi, hufanya kazi vizuri penye asidi, yaani mahali ambapo makrofaji zimekwisha kutayarisha. Wiki za kwanza huwaua bakteria wanaogawanyika, na mgonjwa hupata nafuu. Miezi iliyobaki ni ya wale waliosinzia ndani ya granuloma, ambao dawa huwafikia kwa shida na huwapata pale tu wanapoamka.

Kwa mtu anayehama na mifugo, miezi sita mahali pamoja ni mzigo mkubwa. Huko Wajir, mwaka 1976, Annalena Tonelli aliuchukua mzigo huo kwa uzito wake. Alipanga wagonjwa wahamaji wajenge vibanda vyao karibu na kituo, wakae na jamaa zao, na wameze dawa mbele ya mhudumu kila siku hadi mwisho. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003, lakini njia ya kumsimamia mgonjwa hadi kidonge cha mwisho imeenea duniani kote.

Wakati vidonge vinafanya kazi, seli nazo zinaendelea na yao. Makrofaji humeza mabaki ya bakteria na ya seli zilizokufa. Seli T hupungua, zikabaki chache za kukumbuka. Kolajeni huziba, kalisi hujaza, na picha ya eksirei ya miaka ijayo itaonyesha doa dogo jeupe na gumu pafuni. Daktari akiliona ataliita kovu, ataandika kwamba halina shida, na kuendelea.

Anayekohoa wiki mbili Kiwanjani, Bulla Pesa au mtaa mwingine wowote ana haki ya kupimwa, na katika vituo vya umma nchini Kenya kipimo na dawa za kifua kikuu havilipiwi. Akigundulika, mwili wake utakuwa umepambana kwa miezi au miaka kabla hajajua. Seli zimeshafanya sehemu ngumu zaidi ya kazi. Miezi sita ya vidonge, bila kuruka hata siku moja, ndiyo sehemu tuliyobakiziwa sisi.